Matembezi ya Waraabe

Daktari Saynab aliposema dakika kumi na tano, Ramlo alidhani masikio yamemdanganya.

"Ngapi?"

"Kumi na tano asubuhi, kumi na tano baada ya alasiri. Basi. Ukimzidishia leo, eeddo, shangazi yangu, kesho hatainuka."

Ramlo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, hatua sita kutoka zizi la mbuzi, ncha ya mtandio ikiwa imeziba pua. Kwa miaka mitatu hakuwahi kumsogelea mbwa wa mumewe kupita hapo. Daktari wa mifugo alikuwa amepiga magoti mchangani, mkono mmoja chini ya paja la mbwa, akiukunja mguu wa nyuma na kuunyoosha polepole, kama mtu anayejaribu mlango uliokaa siku nyingi bila kufunguliwa. Mbwa alikuwa ametulia. Macho yake, yaliyoanza kuingia ukungu wa uzee, yalikuwa yanamtazama Ramlo.

Lakini akili ya Ramlo haikuwa kwa mbwa. Kwa mwaka mmoja na nusu Guled, mumewe, alikuwa akimfunga mbwa huyo kamba kila siku akitoka tu kusali alasiri, na hakurudi mpaka adhana ya magharibi ilipokuwa hewani. Hayo ni karibu masaa mawili na nusu. Akiulizwa alikuwa wapi, jibu lilikuwa moja: daktari amesema mbwa atembezwe, viungo vyake vina baridi yabisi.

"Mume wangu hukumwambia atembee naye masaa mawili?"

Saynab aliinua kichwa. Kitu kama aibu kilimpita usoni, kisha akaurudia mguu wa mbwa.

"Mimi nilimwambia kumi na tano," alisema.

Mbwa huyo Guled alimwita Waraabe, yaani fisi, kwa sababu ya madoa aliyokuwa nayo mgongoni. Alilinda mbuzi huko Ijara kwa miaka tisa. Mwaka mmoja wa ukame Guled aliugua homa kali malishoni, akalala chini ya mti wa miiba siku mbili bila kujitambua, na mbwa akawazuia fisi wasimkaribie yeye wala mbuzi. Ramlo aliisikia hadithi hiyo mara nyingi hadi akaichoka. Guled alipohamia kabisa Garissa mjini na kuanza kununua ngamia na kuwauza, alimleta mbwa juu ya gari la mifugo, na Ramlo akapanga mawe mstarini uani. Mbwa abaki upande ule wa zizi. Asiyavuke.

Hakuyavuka. Ramlo alikuwa mtu ambaye neno lake hata mbwa alilielewa. Sokoni Mugdi, alikouza vitambaa na madira, wanawake wenzake walijua akisema bei ni hiyo, ni hiyo. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Alizaa watoto watatu. Vijana wawili walikuwa Nairobi na Mandera. Wa tatu, binti, hakutajwa. Aliolewa kinyume cha ridhaa ya mama yake, na mume asiye Msomali, na siku ile Ramlo aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu, mbele ya wazee na wajomba, kwamba hataweka mguu katika nyumba ya binti huyo, na kwamba mtu atakayelitaja jina lake mbele yake asimwite tena ndugu. Hakuna aliyelitaja.

Sasa Guled alikuwa Banissa kwa wiki ya pili, akinunua ngamia. Mlinzi Olow, aliyeachiwa kazi ya kumtembeza mbwa, aliitwa Bura kumzika mama yake, na siku nne zilipita bila mtu kuikumbuka ile kamba. Asubuhi hiyo Waraabe alijaribu kusimama akashindwa. Alilia kilio ambacho Ramlo alidhani ni cha mtoto wa jirani. Akampigia daktari simu, kwa kuwa hakujua angemweleza nini Guled akirudi na kukuta mbwa amekufa.

"Olow akirudi atamtembeza," alisema.

"Olow akirudi atamkuta amekauka kama kuni. Kiungo kibovu kikilala sana kinaganda, kikifanyishwa kazi sana kinavimba. Huyu anataka katikati." Saynab alisimama, akajipangusa mchanga magotini. "Wewe una miguu, eeddo."

"Mimi nishike mbwa?"

"Ushike kamba. Na hata ukimgusa, mkavu kwa mkavu hakuna najisi, unalijua hilo kuliko mimi. Mpitishe mchangani, si kwenye lami, si kwenye mawe. Asikimbie, asiruke. Akikaa, msubiri. Na usimvute. Mwache achague njia mwenyewe. Anaijua."

"Anaijua njia gani?"

Daktari alikuwa ameshainamia mkoba wake, anatafuta vidonge.

*

Saa kumi na robo, jua likiwa limeanza kulegea, Ramlo alivaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, akaizungushia kamba kitambaa, akatoka. Hakukumbuka baadaye ni majirani wangapi walimtazama. Aliona tu mwanamke wa duka la pembeni akiacha kupima sukari.

Waraabe alitembea kama mzee anayetoka kitandani. Hatua za kwanza alizikanyaga kwa woga, nyonga zikiyumba, kisha taratibu mwili ulipata moto na miguu ikaanza kumtii. Ramlo alitarajia atazunguka zizi la jirani, anuse mwarobaini mmoja au miwili, arudi. Mbwa hakunusa kitu. Alikata kushoto penye tangi la maji, akateremka kwenye laga, mkondo wa mto wa msimu uliokauka, akaifuata katikati penye mchanga laini.

Hapo ndipo moyo wa Ramlo ulipoanza kwenda mbio kuliko miguu yake. Mnyama anayetembezwa ovyo hutembea ovyo. Huyu alikuwa anakwenda mahali.

Alielewa, au alidhani ameelewa. Masaa mawili na nusu, kila siku, mwaka mmoja na nusu. Mwanamume wa miaka hamsini na minane mwenye mifugo ya kuuza na mke mmoja. Nini kingine? Akakumbuka manukato ambayo Guled alinunua mwezi wa Rajabu na ambayo yeye hakupewa. Akakumbuka alivyokuwa akirudi na mchanga mweupe kwenye ndara, mchanga wa mtoni, ilhali mtaani kwao mchanga ni mwekundu. Kwamba mwanamume ataoa wa pili, hilo si jambo la kumwangusha mtu, sheria inamruhusu. Kwamba atakwenda huko kwa kisingizio cha mbwa, kila siku, akimwachia mkewe uji wa kumpikia mbwa huyo, hilo lilimpanda Ramlo mpaka kooni. Alianza kuyapanga maneno atakayomwambia mwanamke huyo. Aliyapanga vizuri, kwa sauti ya chini, mpaka mbwa alipokaa.

Alikaa tu, katikati ya laga, ulimi nje. Ramlo aliinua kamba, kisha akakumbuka aliloambiwa. Akasubiri. Korongo wawili wakubwa walikuwa wamesimama juu ya takataka ukingoni, wanawaangalia. Baada ya muda Waraabe akajiinua, mbele kwanza, nyuma baadaye, akaendelea.

Walipanda ukingo pale ulipokuwa umelala zaidi. Mbwa hakujaribu pale penye mwinuko mkali. Mtu alikuwa amemfundisha ashike mzunguko. Wakatokea mtaa ambao Ramlo hupita kwa gari tu, nyumba za matofali yasiyopigwa lipu, nyua za miiba na mabati. Mbele ya lango moja la mabati ya bluu Waraabe alisimama, akalisukuma kwa kichwa. Halikuwa limefungwa.

"Leo mmerudi?" sauti ya mwanamke ilisema kwa Kisomali kutoka ndani. "Aabo, si ulisema mpaka Jumapili?"

Ramlo alikuja amejiandaa kwa sauti ya mwanamke yeyote duniani, isipokuwa hiyo inayosema aabo, baba.

Mwanamke alitokea pembeni mwa nyumba akibeba ndoo, kichwa wazi, dira limepandishwa kidogo kwa ajili ya kufua. Alipoona nani ameshika kamba, aliiweka ndoo chini kwa uangalifu sana, kama kuna mtu amelala na asingependa kumwamsha. Alikuwa amenenepa kidogo. Nyusi zilikuwa zile zile. Alikuwa Nasteho, binti yake.

Maneno yote ambayo Ramlo aliyapanga laga nzima hayakuwa na mtu wa kuambiwa.

Kisha mlango wa nyumba ukasogea, na kitu kidogo kikatoka kikijishika ukutani. Mtoto wa kike, hajafika mwaka na nusu, nywele kama sufu, kanzu ya njano. Aliuacha ukuta, akayumba, akamwona mbwa. Hakumtazama Ramlo hata kidogo. Alikwenda kwa Waraabe mikono mbele, akakamata manyoya ya shingo, na mbwa yule aliyekuwa ametembea safari yote akitafuta pa kukaa hakukaa. Alianza kutembea polepole kuvuka ua, mtoto amemshikilia. Hatua nne, wakapumzika. Hatua tatu, wakapumzika. Mbwa alimsubiri mtoto, mtoto alimsubiri mbwa. Ilionekana wazi kwamba hawakuanza jana.

"Huyu ni wa nani?" Ramlo alisikia mtu anauliza. Alikuwa yeye.

"Wangu, hooyo," Nasteho alimjibu mama yake.

Ramlo alisimama langoni, mguu mmoja haujavuka. Mjukuu. Alikuwa na mjukuu anayetembea, katika mji huu huu, mwendo wa dakika ambazo hata mbwa mgonjwa anaweza, na hakujua hata kwamba aliwahi kubebwa tumboni.

Akageuka aondoke. Hilo ndilo jambo pekee mwili wake uliloweza. Akavuta kamba, na kamba ikakaza, kwa kuwa Waraabe, akiwa amemfikisha mtoto kwenye mkeka, alikuwa amejilaza kivulini kwa mzigo wake wote. Akavuta tena. Mbwa akatoa mlio mfupi.

"Usimvute, hooyo," Nasteho alisema. "Akilala baada ya kutembea, nyonga zinakaza. Hawezi kuinuka mpaka akandwe."

"Basi mkande aende."

"Peke yangu siwezi. Aabo hushika upande mmoja, mimi mwingine. Ukimkanda upande mmoja tu anajipinda."

Ramlo alimtazama mbwa. Kilo arobaini si kitu cha kubeba. Kumwacha na kurudi nyumbani mikono mitupu kungekuwa kumwachia Guled neno la kusema, na hapo alikuwa hataki Guled awe na neno lolote. Hatimaye akavua viatu, akasema bismillahi kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia, akauvuka mstari wa lango. Kiapo kikavunjika hapo hapo, bila kishindo.

Walipiga magoti, mbwa katikati yao. Nasteho alimwonyesha: kiganja chote, si vidole, mviringo, polepole, kuanzia penye mfupa wa nyonga kushuka pajani, usikandamize panapovimba. Ramlo alivua glavu, maana mpira ulikuwa unakwaruza manyoya. Chini ya ngozi alisikia kiungo kikisaga kama mawe mawili madogo. Hakutarajia mbwa awe na joto hivyo.

"Mmekuja lini Garissa?" aliuliza akiwa anautazama mkono wake.

"Mwaka na nusu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Buya alipata kazi ya kutengeneza pampu kwenye mashamba ya mtoni."

Buya ndiye mume. Fundi, Mmalakote wa kando ya Mto Tana, Mwislamu wa kusali sala tano, na kosa lake kwa Ramlo lilikuwa ni lile la kuzaliwa kwa wazazi wake. Jina hilo Ramlo aliliacha lipite.

"Na baba yako alijua siku gani?"

"Siku ya kwanza. Nilimpigia simu." Nasteho alisogeza kiganja. "Alisema hawezi kuja, wewe utajua. Baada ya wiki akaja na mbwa. Alisema daktari amempa sababu."

"Daktari anajua?"

"Ameshakuja hapa mara mbili kumtazama Waraabe."

Mkono wa Ramlo ulisimama. Anaijua njia, alisema yule mwanamke, akiwa ameinamia mkoba.

"Nani mwingine anajua?"

Nasteho akaendelea kukanda, na kimya chake kikaanza kujaa watu: wajomba, mashangazi, wanawake wa sokoni, wanawe wawili wanaopiga simu kila Ijumaa kumuuliza afya. Wote. Mji mzima ulikuwa umekaa na mjukuu wake, umeula wali wa akika yake, kisha umekuja dukani kwake kununua madira na kuuliza habari za biashara.

"Hakuna hata mmoja aliyeniambia," alisema.

"Uliwakataza, hooyo."

Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamwaga mchanga kutoka kikombe kimoja kwenda kingine. Ramlo aliona anamgusa mbwa puani kwa kiganja.

"Mate yale."

"Namwosha. Mara saba, moja kwa mchanga. Si ulinifundisha?" Kisha Nasteho akasema jambo ambalo alionekana kulibeba muda mrefu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ulipopasuliwa mwaka jana, nilikuja hospitali. Wanawake walikuwa wengi, nami nilikuwa na nikabu. Sikusema kitu, ungeijua sauti. Nilikuletea maziwa ya ngamia kwenye chupa ya kijani. Ulinishika mkono. Ukaniombea dua, ukasema Mungu amrehemu mama aliyenizaa."

Ramlo aliikumbuka chupa ya kijani. Hakuukumbuka mkono. Alijaribu kuukumbuka pale pale, kwa nguvu zake zote, mikono mingi ya siku ile, mmoja baada ya mwingine, na hakuupata. Akainama juu ya mgongo wa mbwa kana kwamba anatafuta kupe. Nasteho aliyaona mabega ya mama yake yakitikisika, akaendelea na mviringo wake.

Waraabe aliinuka mwenyewe walipokuwa bado hawajamaliza.

*

Guled alipiga simu baada ya magharibi. Mtandao wa Banissa ulikuwa unakatika.

"Ngamia kumi na wawili wamepatikana. Mbwa hajambo?"

"Anatembea."

"Olow anamtembeza vizuri?"

"Olow yuko Bura. Mama yake amefariki."

"Inna lillahi. Sasa nani anamtembeza?"

"Mimi."

Ramlo alisikia upepo wa Banissa, na ngamia mmoja kwa mbali.

"Ramlo."

"Usiseme kitu kwenye simu," alimwambia. "Uza, nunua, urudi. Utasema ukiwa umekaa mbele yangu."

Siku iliyofuata hakutoka. Hakwenda sokoni wala hakumtoa mbwa. Alisema anaumwa kichwa. Alilala upande mmoja mpaka adhuhuri, kisha upande mwingine. Kilichomuuma kilikuwa kinabadilika kila saa. Mara ilikuwa Guled, aliyekula chakula chake kila jioni akiwa ametoka kumbeba mtoto yule. Mara ilikuwa wanawake wa sokoni. Mara ilikuwa ile chupa. Alimtafuta mtu wa kumkasirikia aliyekaa vizuri mikononi, na kila alipomshika mmoja, alimteleza, akabaki na yeye mwenyewe.

Jioni alisikia mbwa akilia tena zizini. Kukosa siku moja tu, na miguu ilikuwa imerudi kuganda. Ramlo alitoka, akavuka mawe yake mwenyewe, akapiga magoti, akaanza kumkanda, upande mmoja, kisha akazunguka upande wa pili.

Siku ya tatu alijaribu kumpeleka njia nyingine. Alitaka kuona kama anaweza. Penye tangi alimwelekeza kulia, kuelekea msikitini; Waraabe alikaa chini. Hakuvuta upande wake wala hakubweka. Alikaa tu na kumsubiri, kama Ramlo alivyoambiwa amsubiri yeye. Mwenye kitoroli cha punda alipita akawazunguka. Ramlo alisimama pale akihesabu sababu za kurudi nyumbani, na alizipata nyingi, zote nzuri. Kisha akalegeza kamba.

Nasteho alikuwa ndani anasali. Ramlo aliketi kwenye mkeka uani bila kukaribishwa, na mtoto akamletea kikombe cha mchanga, akammwagia mapajani, akarudi kuchota kingine. Hapo ndipo pikipiki ilipozima nje ya lango.

Buya alikuwa na kreti la matikiti nyuma ya kiti na grisi mpaka kwenye viwiko. Aliona viatu vya kike asivyovijua, akainua macho, akaona nani amekaa kwenye mkeka wake. Rangi ilimtoka usoni. Ramlo aliona. Mwanamume mkubwa vile, mabega ya kubeba injini, alirudi hatua moja nyuma, akasimama juani nje ya lango lake, mikono ameibana mbele kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Assalamu aleykum, mama."

"Wa aleykum salaam."

Hakuingia. Matikiti yalikuwa juani. Ramlo alisubiri, naye alisubiri. Kiswahili cha Ramlo kilikuwa cha sokoni, cha bei na mita, na hakuwahi kukitumia kwa jambo kama hili.

"Kwa nini simama nje?"

"Nasubiri, mama. Sijui kama utataka nipite."

"Hii boma ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Sasa mimi nitakupa ruhusa namna gani? Ingia. Hiyo tikiti itaharibika."

Aliingia kwa kupita ukutani, mbali naye kadiri ua ulivyoruhusu, kama anavyopaswa mkwe mwenye adabu. Alipofika kwa mbwa alichuchumaa, akampapasa nyonga kwa nyuma ya mkono usio na grisi.

"Leo ana joto kidogo hapa," alisema, bila kumtazama mtu. "Amekalishwa muda mrefu njiani?"

"Amekaa mwenyewe," Ramlo alisema. "Tulikuwa tunabishana."

Nasteho, aliyekuwa amesimama mlangoni na msala mkononi, alifunika mdomo. Ramlo hakujua kama binti yake alikuwa anacheka au analia, na hakumuuliza.

*

Kuvunja kiapo kuna kafara yake. Jumamosi Ramlo alimwendea sheikh wa msikiti wa mtaani akamweleza, na sheikh akamwambia alilokuwa akilijua: alishe maskini kumi. Hakutaka kupeleka chakula mahali kikaliwe mbali na macho yake. Jumapili alichinjisha mbuzi, akapika pilau, akawaita watu wale wale wanaoomba mlangoni mwa soko, akawaketisha uani kwake, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili.

Guled aliingia katikati ya chakula. Alikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope, na mkoba begani. Aliona watu kumi wanakula kimya nyumbani kwake, akaona sufuria kubwa ya misiba, na uso wake ukaporomoka.

"Nani amekufa?"

Mzee mmoja kipofu alijibu akiwa na tonge mkononi. "Hakuna, mwanangu. Mama mwenye nyumba anatoa kafara ya kiapo."

Guled aliushusha mkoba. Alimtafuta mkewe kwa macho, akamkuta jikoni amesimama na upawa. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameishi na mwanamke asiyerudisha neno lake, na sasa alikuwa anaangalia neno hilo likiliwa na watu kumi. Akaketi palepale, kwenye mawe yaliyotenga zizi.

"Umeingia," alisema.

"Nimeingia."

"Na yeye... umemwona mdogo?"

"Nimemwona. Ameshanimwagia mchanga siku tatu." Ramlo alikung'uta upawa kwenye ukingo wa sufuria. "Binti yangu tumeanza kuongea. Hatujafika mbali, kuna mengi amenyamaza. Mumewe namwogopa kuliko anavyoniogopa mimi. Hayo ni yangu na wao."

"Na mimi?"

"Wewe ulinitazama usoni kila magharibi, mwaka mmoja na nusu, ukaniambia habari za mbwa."

"Ungefanya nini ningekuambia?"

Alilifikiria swali hilo kwa haki, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amejiuliza.

"Ningekufukuza," alisema. "Lakini ilikuwa uniambie."

Waliokula walianza kunawa, wakaomba dua, wakaondoka mmoja mmoja wakimshukuru Ramlo, na mmoja akamshukuru Guled pia, ambaye aliitikia bila kujua anaitikia nini. Ua ulipobaki mtupu Ramlo alikwangua sufuria, akajaza sahani kwa kilichobaki, nyama kidogo na ukoko mwingi, akamwekea mumewe pale alipokaa. Yeye aliingia ndani. Guled alikula peke yake mpaka mwisho, hata ule ukoko ulioungua.